Sauti ya Bi Mwamini kwenye Spika za Saturnini

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mlioko Nachingwea mjini, mlioko Ruangwa, mlioko Naipingo, Nkowe na Mandawa, sogezeni redio karibu. Kama kuna mtu anapasua kuni hapo uani, mwambieni aweke shoka chini kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimjua kwa miguu kabla ya kumjua kwa jina. Mlicheza muziki wake mpaka soli zikalika, na huenda hamkuwahi kuuliza anaitwa nani.

Aliitwa Saturnini Nampunju. Saturnini Nampunju, mwenye Radi Disko. Amefariki mwezi uliopita nyumbani kwake Nachingwea baada ya kuugua, na amezikwa Naipingo alikozaliwa.

Mimi ni Doreen, na nawaambia mapema kwamba hiki si kipindi cha sifa tupu. Mjane wake, Bi Marietha, alikuja hapa studio akiwa bado amejifunga kanga za msiba. Nilimkaribisha chai, akakataa. Akasema, "Msimsifu tu. Mkimsifu tu, mtakuwa mmemuumiza yule mama kwa mara nyingine." Basi leo tutasema mazuri yake, na tutasema na lile moja. Bi Marietha mwenyewe ndiye aliyeomba.

Tuanzie nyumbani. Saturnini alizaliwa Naipingo. Baba yake, mzee Gabrieli, alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, akapewa pori, akafyeka, akapanda mikorosho. Shamba lake lilipakana na shamba la Bi Mwamini. Mzee Gabrieli Mkristo, Bi Mwamini Mwislamu, lakini mikorosho yao matawi yaligusana na watoto walikula pale walipokikuta chakula. Saturnini alikikuta zaidi kwa Bi Mwamini. Alimwita mama, naye alimwita mwanangu Satu.

Huyu Bi Mwamini ndiye yule mama. Mshikeni vizuri. Bi Mwamini alikuwa kungwi, na si kungwi wa kijiji kimoja tu. Wasichana walipofika umri wa kuingia unyagoni, wazazi walimfuata yeye. Waislamu walimfuata, na Wakristo pia. Alijua ngoma, alijua nyimbo, na sauti aliyokuwa nayo, nawaambia, ukiisikia ikipanda unajikuta umeacha ulichokuwa unafanya. Nyimbo za nje, zile za siku ya kuwatoa wali, wasichana waliokuwa wakifundwa, kila mtu alizisikia. Nyimbo za ndani zilibaki ndani. Mimi ni mwanamke wa huku, sihitaji kueleza zaidi. Mwanamume hazisikii. Mtoto ambaye hajaingia hazisikii. Ndivyo ilivyo, na aliyezaliwa Naipingo hawezi kusema hakujua.

Sasa turudi kwa Saturnini. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuwa fundi redio pale sokoni Nachingwea. Mikono yake ilikuwa myepesi. Ukimpelekea redio iliyonyamaza, unazunguka soko mara moja, ukirudi inaongea. Lakini moyo wake haukuwa kwenye redio za watu. Alichonga maboksi ya spika kwa mbao za mninga, akatafuta jenereta, akaunganisha deki mbili za kanda, akaandika kwa rangi nyekundu: Radi Disko. Aliyemsaidia ni rafiki yake Masoudi. Spika zilifungwa nyuma ya baiskeli ya Saturnini, jenereta nyuma ya baiskeli ya Masoudi, na hao wanakwenda. Leo Nkowe, kesho kutwa Mandawa, wiki ijayo Naipingo.

Ninyi mliozaliwa juzi mnadhani disko ni jumba lenye taa. Disko la wakati ule lilikuwa uwanja. Uzio wa makuti au maturubai, na kabla ya kuanza vijana wanamwagia maji chini ili vumbi litulie. Likishakauka linaamka tena. Ndiyo maana liliitwa disko vumbi. Msimu wa korosho ukiisha watu wana raha, wamefua, wamepaka mafuta, wanaingia weupe, wanatoka wekundu kama tofali.

Mwanzoni alipiga rumba na zouk. Halafu kukaja kanda kutoka Dar es Salaam, muziki wa mashine mtupu. Hakuna gitaa, hakuna mtu anayeimba, ni dum, dum, dum, na kitu kinacholia juu yake kama kengele ya baiskeli. Masoudi anakumbuka siku waliyoipiga kwa mara ya kwanza Nkowe. "Watu walisimama tu," anasema. "Mzee mmoja akaja mpaka kwenye deki, akaniuliza, mwimbaji wenu anaumwa? Nikamwambia, mzee, muziki wenyewe hauna mwimbaji. Akasema, basi rudisheni kiingilio."

Lakini vijana walielewa. Walielewa kwa miguu. Mdundo ule haukukata, na ngoma za huku nazo hazikati. Kabla ya jua kuzama uwanja wote ulikuwa unaruka. Saturnini akanunua kinanda kidogo cha umeme, kile cha kuweka mapajani, akajifunza kutoa midundo yake mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha. Huku kwetu alikuwa wa kwanza. Nairudia, Saturnini Nampunju alikuwa wa kwanza kutengeneza muziki wa mashine huku kwetu, akiwa amekaa kwenye mkeka, nyumba ya udongo, betri ya gari miguuni. Hiyo ni sifa yake na hatumnyang'anyi.

Ila palikuwa na kitu kinamkera. Lile swali la yule mzee. Mwimbaji yuko wapi? Bi Marietha anasema mumewe alikuwa analirudia hata akila. "Anasema, mdundo ninao, Marietha. Nakosa sauti."

Wasikilizaji wapendwa, mwaka 1996, baada ya mavuno, Naipingo waliweka wali ndani. Kungwi ni Bi Mwamini. Siku ya kuwatoa ilipokaribia, Bi Mwamini alimwita Saturnini, akamwambia jambo ambalo hakuna kungwi aliyewahi kulisema. Alisema, "Mwanangu Satu, miaka yote naimba, sijawahi kujisikia. Watu wananisikia, mimi sijisikii. Niletee hiyo mashine inayoshika sauti."

Saturnini hakuweza kuingia kwenye nyumba ya wali. Basi alimpa Bi Mwamini redio kaseti yake mkononi, akamwonyesha kitufe chekundu. "Wakianza kutoka nje, mama, bonyeza hiki. Kabla ya hapo usikiguse." Bi Mwamini akaiweka kwenye kona, akaifunika kanga. Alfajiri ile, katikati ya shughuli, mkono wake ulipita pale. Labda alitaka kuhakikisha, labda aligusa tu. Mashine ikaanza kuzunguka mapema. Nyimbo za ndani zikaingia kwenye kanda, na baadaye nyimbo za nje. Bi Mwamini hakujua. Nasema tena kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe. Bi Mwamini hakujua.

Alimrudishia Saturnini mashine yake akiwa na furaha. Saturnini akaenda nayo nyumbani, akaifungulia. Maneno ya kwanza tu akaelewa ni nini. Angeizima pale pale, leo tungekuwa na kipindi kifupi na kitamu. Hakuizima. Alisimama, akafunga mlango, akakaa tena akaendelea kusikiliza.

Bi Marietha alikuwa nje anapepeta ufuta. Alisikia kupitia dirishani. "Niliingia nimeshika ungo," anasema, "nikazima kwa mkono wangu. Nikamwambia, baba, hii si yako kusikia. Hata mimi naogopa kuisikia nikiwa na wewe chumbani. Akasema, nafuta. Nikaamini amefuta. Mume akikuambia nafuta, utamkagua?"

Hakufuta. Alinakili nyimbo za nje kwenye kanda nyingine, akampelekea Bi Mwamini, wakakaa wote barazani wakaisikiliza. Mama yule alicheka mpaka machozi, kajiziba mdomo kwa kanga. "Kumbe ndiyo mimi! Kumbe naimba hivi!" Akamfungia Saturnini njugu mawe kwenye kitambaa, amshukuru. Saturnini alizipokea. Alimwambia mkewe mwaka huu, akiwa kitandani, kwamba zile njugu hakuzila. Alizimwaga njiani. Hata wakati ule, nafsi yake ilikuwa inajua.

Ilijua, na bado akaendelea. Sauti aliyokuwa akiitafuta ilikuwa ndani ya kanda, na hakuwa na nguvu ya kuiacha. Alichukua wimbo mmoja wa ndani, ule unaopanda, akauweka juu ya mdundo wa kinanda chake. Masoudi, ambaye kwao ni mbali na Naipingo na ni mwanamume kama yeye, alidhani ni wimbo wa ngoma wa kawaida. "Nilimwambia, Satu, hii itatuua. Nilimaanisha kwa uzuri," anasema Masoudi, na anaposema hivyo anainamisha kichwa.

Waliupiga kwa mara ya kwanza Mandawa, Idd Pili, mwaka 1997, mchana wa jua kali. Uwanja umejaa. Vijana, wajomba, wakwe, watoto wenye nguo mpya. Mdundo ukaanza, watu wakaupokea. Halafu sauti ya Bi Mwamini ikapanda kutoka kwenye spika za mninga, kubwa kuliko alivyowahi kuimba, na ikatamka mbele ya wanaume na watoto maneno ambayo hayatamkwi.

Wanaume waliendelea kucheza. Wengi hawakuelewa. Wachache walielewa, wakacheka, wakaanza kuitikia. Lakini wanawake walisimama. Mmoja baada ya mwingine, katikati ya vumbi, wakasimama kana kwamba mtu amewamwagia maji. Wengine walijifunika nyuso. Samia, mjukuu wa Bi Mwamini, ndiyo kwanza alikuwa ametoka unyagoni, na alikuwa amekuja Mandawa kwa shangazi yake kula sikukuu. Aliijua sauti ya bibi yake. Alitoka uwanjani mbio, akapita chini ya turubai, gauni la Idd likachanika begani.

Saturnini aliona yote hayo. Alikuwa mbele, juu ya meza, anaona uwanja mzima. Angeweza kunyoosha mkono na kuuzima. Lakini nusu ya uwanja ilikuwa inapiga kelele "Rudia! Rudia!" Akarudia.

Kufika Naipingo, habari ilikuwa imefika kabla yake. Mwenyekiti wa kijiji aliita kikao pale ofisini. Akina mama watu wazima walikaa chini upande mmoja, Bi Mwamini katikati yao, lakini tayari walikuwa wameacha nafasi kati yao na yeye. Yeye alikiri la kwake. "Mashine niliichukua mimi. Niliichukua kwa ajili ya nje. Ya ndani sikumpa." Mwenyekiti akamgeukia Saturnini. "Hii sauti uliipataje?"

Ukweli ulikuwa mfupi. Nilimwazima mashine, ikashika kwa bahati mbaya, nikasikiliza, nikatumia, yeye hajui. Lakini huku kwetu mwanamume aliyesikiliza mambo ya ndani, tena kwa mlango uliofungwa, hakai tena kijiji kile. Spika zake zingepasuliwa kuni. Saturnini aliogopa. Bi Mwamini akamtazama, akamwambia kwa upole kabisa, "Satu, sema."

Saturnini akasema, "Alinipa mwenyewe. Alisema niitumie."

Wasikilizaji wapendwa, huo ulikuwa uongo. Kwa ombi la familia, na kwa jina la marehemu, tunautangaza leo kuwa ni uongo. Bi Mwamini hakumpa. Bi Mwamini hakuuza nyimbo. Bi Mwamini hakujua.

Lakini siku ile waliamini. Wakasema kauza. Wakasema kala fedha za disko. Hakuna aliyempiga wala kumtukana, na ningesema ingekuwa afadhali wangemtukana. Walichofanya ni kuacha kumfuata. Msimu uliofuata wali walipelekwa kwa kungwi mwingine. Uliofuata tena, hivyo hivyo. Akipita kisimani, mazungumzo yanakatika. Bi Mwamini akazifungia ngoma zake darini na akaishi kwa ufuta wake na mikorosho yake. Mtu aliyewafunda nusu ya wanawake wa Naipingo hakualikwa kuwatoa wali hata mara moja tena.

Na wimbo je? Wimbo ulikimbia. Watu waliuita "Bibi". Walinakiliana kanda kwa kanda, ukapigwa kwenye mabasi, ukapigwa harusini. Radi Disko ikaitwa mpaka Liwale na Masasi. Kila ilikofika, neno ni moja: "Tupigie Bibi!"

Masoudi anasema hapo ndipo alipoanza kumwona rafiki yake anabadilika. Akiupiga, anashuka mezani, anakwenda kusimama nyuma ya jenereta, mahali ambapo husikii chochote ila injini. Mwaka 1999, Nkowe, alikataa kuupiga. Watu walirusha mchanga kwenye deki. Masoudi akamuuliza sababu, ndipo akaambiwa ukweli. Masoudi hakupiga kelele. Alifungua kamba za jenereta kwenye baiskeli yake, akaliweka chini taratibu, akaondoka. Hawakufanya kazi pamoja tena.

Saturnini akaanza kuwinda kanda zake. Alizunguka kwa baiskeli, Mandawa, Nkowe, mpaka vijiji vya ndani. Alikuwa na kanda mpya mfukoni na anabadilishana. Nipe "Bibi", nakupa zouk mpya. Nyumbani anazivuta utepe anachoma. Bi Marietha alimuuliza, "Baba, kwa Bi Mwamini umepita?" Akasema, "Nikimaliza kuzikusanya nitapita." Nyumba ya Bi Mwamini ilikuwa njiani, wasikilizaji. Alikuwa anaizunguka kwa mashambani na baiskeli begani ili asiipite.

Hakumaliza kuzikusanya. Muziki ulibadilika haraka kuliko miguu yake. Kufikia mwaka 2002 Nachingwea mjini kulikuwa na ukumbi wenye taa za kuzunguka na mashine ya CD. Disko vumbi likaanza kuonekana ushamba. Vijana waliokuwa wanamwagia maji uwanja wake sasa wana miwani ya jua ndani ya ukumbi, wanajiita madijei, na kwenye CD zao "Bibi" ilikuwepo, imewekewa mdundo mpya kutoka Dar. CD huvuti utepe. Alimfuata dijei mmoja akamwomba asiipige. Kijana akacheka. "Mzee Radi, hiyo ngoma imekutoka. Sasa hivi ni ya watu wote." Hakujua amemchoma kiasi gani.

Saturnini akafunga disko. Spika za mninga zikawa makabati ya vyombo ya Bi Marietha, yapo mpaka leo, nimeyaona. Akarudi sokoni kutengeneza redio, na zilipoingia simu, akajifunza simu. Na humo ndani ya simu akaikuta tena. Mwaka jana, 2008, kijana alimletea simu iliyogoma. Akaifungua, akaipuliza, akaiwasha, ikaita. Sauti ya Bi Mwamini, imekimbizwa mpaka imekuwa nyembamba kama ya kifaranga, haraka haraka, maneno hayashikiki tena. Ndivyo muziki ulivyo sasa, unakimbia kama unafukuzwa. Mtu asiyejua asingejua hata kama ni binadamu anayeimba. Saturnini alijua.

Tangu siku hiyo kila simu iliyopita mikononi mwake aliifutia wimbo ule kwa siri. Vijana wakawa wanarudi na malalamiko. "Oya fundi, ngoma yangu iko wapi?" Anawajibu, "Kadi yako ilikuwa na virusi." Soko zima likamjua kama fundi mzuri mwenye bahati mbaya ya virusi. Mnaweza kucheka. Bi Marietha aliponisimulia, hata yeye tabasamu lilimponyoka, kisha akaona aibu, akajifuta uso.

Siku moja alikuja Samia. Sasa ni mama wa watoto, anauza vitumbua karibu na stendi. Alileta simu yenye kioo kilichopasuka. Saturnini hakuweza kumtazama. Akabadilisha kioo, na kwa mazoea akaingia kwenye miziki, akatafuta.

"Kwangu huwezi kuukuta," Samia akamwambia.

Saturnini akaiweka simu mezani.

"Nasikia unafuta kwenye simu za watu. Utafuta ngapi, mjomba? Watu hawamchukii bibi kwa sababu ya wimbo. Wimbo wameshausahau ni wa nani. Wanamchukia kwa sababu ya neno lako. Neno hilo ndilo ungelifuta. Mdomo ni wako, na kijiji hakijahama."

Akachukua simu yake. Saturnini alifunga kibanda mapema, akaenda nyumbani, akamweleza mkewe kila kitu kwa mara ya kwanza. Hata lile la kanda ambayo hakuifuta, hata lile la kikaoni. Bi Marietha anasema alilia, lakini si kwa huruma. "Nililia kwa hasira. Miaka yote mimi nampita yule mama kisimani, na mimi nimekata maneno kama wengine. Nilijua kanda ilinasa kwa bahati mbaya, nikajua mume wangu kaifuta. Aliposema kikaoni kwamba kapewa, nikadhani labda alikwenda kuomba, akapewa kweli. Nilimwamini mume wangu dhidi yake."

Alimwambia waende kesho yake. Saturnini akasema subiri. Halafu akaanza kuumwa. Alipozidiwa, akasema, "Niitie Bi Mwamini." Bi Marietha akaenda Naipingo. Bi Mwamini alikuwa anachambua ufuta. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Aje yeye. Hapa palipomwona akila, pamwone na akisema. Na aje mchana, watu wakiwepo."

Pikipiki ililetwa, ya kijana wa jirani. Mto ukawekwa, kanga ya kumfungia ikawekwa. Saturnini alitoka mpaka mlangoni, ameshikwa kwapani. Akaangalia barabara. Akasema, "Watu wataniona." Akaomba arudishwe kitandani, na waende kesho yake. Alifariki kabla ya jua la siku ile kuchwa.

Nimekisoma kipande hiki mara nyingi kabla ya kuja hewani. Mtu aliyesimama juu ya meza mbele ya uwanja mzima miaka yote ile, alishindwa kuonwa na watu njiani.

Kwa Bi Marietha na watoto, tunawapa pole nyingi. Si rahisi kumlilia mtu na kumwonea haya kwa wakati mmoja, nanyi mmeyabeba yote mawili mbele yetu bila kujificha. Kwa bwana Masoudi, pole kwa kumpoteza rafiki mara mbili. Mungu amlaze Saturnini mahali pema. Wengi wenu mmetutumia ujumbe tumpigie "Bibi" kwa kumuaga. Hatutaupiga. Mlio nao kwenye simu, mnajua sasa mmebeba nini. Na ninyi mliokuwa kwenye kile kikao, mlio hai, kaeni mlifikirie jambo hili leo kabla hamjalala: mama aliwaambia hakutoa, na mkamwamini mwenye spika.

Juzi tulikwenda Naipingo kumwomba Bi Mwamini ruhusa ya kutangaza haya. Ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Tulimsomea yote. Tulimwambia kwamba kipindi kitasikika Nachingwea yote na Ruangwa yote, kwamba kila mtu atajua hakuuza. Alitikisa kichwa, akakubali. Kisha akataja majina ya wanawake waliokaa naye chini siku ile ofisini, mmoja mmoja, wenzake aliokua nao, aliocheza nao ngoma. Karibu wote wameshazikwa.

"Hao ndio niliotaka wajue," alisema. "Redio yenu inafika huko?"